Aliyekataa Kuahirisha

Harufu ilianza siku ya Jumapili, adhuhuri. Mama Sanatu alikuwa uani akisugua sufuria za waakye, wali na kunde vimekwisha kuuzwa vyote, ndipo ikampata harufu ya majani mabichi ya mwarobaini, kali kama yanasagwa chini ya pua yake. Akainua kichwa. Katika ua ule wa kupanga, mtaa wa Aboabo hapa Kumasi, hapakuwa na mti hata mmoja. Palikuwa na mapipa ya maji, kamba za nguo na mbuzi wa jirani. Na mbuzi mwenyewe alikuwa amesimama akiukodolea macho mlango wa chumba chao, majani yamemning'inia mdomoni, hatafuni.

"Lariba! Umechemsha dawa?"

"Dawa gani, mama? Nasoma."

Alikuwa anasoma kweli. Tangu amalize shahada ya sheria, Lariba hakuwa na kazi nyingine ila kujiandaa na mtihani wa kuingia shule ya mawakili kule Accra. Mtihani huo hufanywa mara moja kwa mwaka, na huwaacha nje watu wengi kuliko unaowaingiza. Wenzake walisoma ili wapate cheo. Yeye alisoma kwa chuki.

Baba yake, marehemu Issifu, alikuwa amejenga nyumba Asawase, mtaa wa pili tu. Alipougua, mdogo wake Alhaji Yahuza alihamia pale kumuuguza, na kabla mgonjwa hajapata nafuu hati za nyumba zilikuwa na jina la Yahuza. Issifu akaenda mahakamani. Kila kesi ilipotajwa, wakili wa Yahuza alisimama kuomba iahirishwe: mara yuko safarini, mara shahidi anaumwa, mara faili halionekani. Issifu alikufa kesi ikiwa imeahirishwa. Mwaka huohuo Yahuza aliukata mwarobaini mkubwa wa uani, mti uliokuwapo kabla ya nyumba, akamwaga zege ua mzima apate pa kuegesha gari lake.

Siku mbili baada ya ile harufu, Lariba akashikwa na homa. Haikuwa malaria, alipimwa hospitali, hawakuona kitu. Mchana jua likifika utosini alitetemeka, na mama yake alipompangusa jasho, kitambaani palibaki vumbi jeupe. Asubuhi alikuwa mzima, anakula uji wa mtama na kucheka. Adhuhuri ikifika, anajikunja kitandani na kunong'ona.

"Ahirisha, mwanangu," Mama Sanatu akamwambia. "Shule inaruhusu, si ulisema mwenyewe? Mgonjwa anaomba, anafanya mwakani. Mtihani haukimbii."

"Mama, neno hilo usinitajie. Neno hilo ndilo lililomzika baba."

"Baba yako alizikwa na mdogo wake, si na neno."

"Basi niache nikasomee kumzika huyo mdogo wake."

Rafiki yake Serwaa, waliyesoma naye chuo, naye hakutaka kusikia habari ya kuahirisha. Alikuwa msichana wa Kiasante mwenye mdomo mwepesi, na kila alipokuja chumba kilichangamka. "Mama, usimtie baridi," alisema. "Huyu akiahirisha, mwakani tutamkuta ameolewa na muuza vitunguu wa Bawku, ananipigia simu: Serwaa wee, niulizie talaka inachukua muda gani!"

Hata Mama Sanatu akacheka. Serwaa akavua viatu, akakaa kitandani kando ya Lariba, akafungua kitabu cha maswali. Nje kinyozi alikuwa amefungulia redio, watoto wa madrasa wakipita na vibao vyao, jua kali.

"Haya. Kofi amehamia kwenye shamba la Ama, amekata michungwa, amejenga. Ama ana haki gani?"

Lariba akajibu, akafumba macho, akamwaga vifungu na hukumu za zamani kimoja baada ya kingine bila kusita.

"Eh! Umekula kitabu kizima? Kuna la kuongeza?"

"Ama alikuwa na watoto?" Lariba akauliza.

"Swali halisemi."

"Alikuwa nao." Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito na kavu, sauti ya mwanamke aliyezeeka mno. "Walikuwa chini ya mizizi. Kofi alipokata mti hakuuliza nani anakaa hapa, na alipomwaga zege hakuuliza, akakanyagakanyaga likakauka, na mimi nilikuwa nimetoka kuwatafutia chakula, niliporudi nikawasikia wananiita kutoka chini, na kila siku sauti zao zikazidi kuwa ndogo. Walilia siku ngapi, Serwaa? Maana swali halisemi."

Serwaa alitaka kuinuka akakuta mkono wake umeshikwa. Aliuvuta, vidole vya Lariba vikazidi kukaza, na ile harufu ya mwarobaini ikajaa chumbani mpaka akahisi uchungu wake kwenye ulimi, na huku redio ya kinyozi inaendelea kuimba pale nje kana kwamba hakuna lolote, yeye alimtazama usoni mwenzake wa miaka minne ya chuo, akayaona macho yake yako wazi, hayapepesi, yanamtazama kama mtu anavyomtazama mpangaji asiyemjua, na ndipo Serwaa akapiga kelele iliyomleta Mama Sanatu mbio na mwiko mkononi.

Lariba alipozinduka, Serwaa alikuwa sakafuni analia. Kifundo chake cha mkono kilikuwa kimezungukwa na alama tano nyeupe, ngozi imekauka na kupasuka kama imeshikwa na saruji.

"Nimefanya mimi?" Lariba akauliza kwa sauti ndogo.

Akageukia ukuta, akasema, "Nalijua hili jini. Limekuwa likinisomea. Majibu yote ninayo, mama, hata ya maswali ambayo bado sijayaona. Linasema niende Accra hivihivi, nitapita. Linataka nyumba ile irudi kama ninavyotaka mimi. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya gani? Mtazame mwenzio mkono."

"Sikukusudia."

"Na lenyewe je? Huyu binti alikata mti wa nani?" Mama Sanatu aliongea kwa kunong'ona, kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Ukishaipata nyumba, likishamaliza na Yahuza, litaanza na nani? Litatoka liende wapi?"

Serwaa akasimama, akavaa viatu bila kuangalia. "Ahirisha, Lariba," alisema. "Nilikosea. Uwakili utausubiri ukiwa mzima."

Nyuma ya msikiti wa Aboabo alikuwapo Malam Sualihu, mshona kofia, ambaye watu walimpelekea mambo yaliyoshindikana hospitali. Alimsikiliza Lariba bila kuacha kushona.

"Litatoka," alisema. "Ila mimi nalivuta, wewe uliachie. Mnakitaka kitu kimoja, ndiyo maana limepata pa kukaa. Utabaki ndani siku saba, usomewe, usishike kitabu, usitaje jina la baba yako mdogo hata kwa laana."

"Mtihani ni Jumatano hii."

"Basi chagua, binti yangu. Mimi sikuchagulii."

Lariba alikuwa amekaa kwenye mkeka wa Malam. Aliliona joho la uwakili na kola alivyoota kuvaa, akamwona Yahuza kizimbani, akaisikia hukumu ikisomwa. Kisha akakiona kifundo cha mkono cha Serwaa. Akatoa simu, akaandika ombi la kuahirisha, akalituma, na machozi yakamdondokea mapajani.

"Tayari," alisema.

Baada ya swala ya alasiri Malam alimlaza, akamsomea. Jini lilikataa, likatukana, likalia. Mwisho likasema kwa utulivu, "Yeye ameahirisha. Mimi sijaahirisha."

"Utatoka au hutoki?"

"Natoka."

"Apa hutaugusa tena mwili wa huyu binti."

Likaapa mara moja, upesi mno, na Malam akakunja uso kama mfanyabiashara aliyekubaliwa bei bila kubishaniwa. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto wa Lariba kikaruka mara tatu. Harufu ikakatika.

Jumatano alilala ameukabili ukuta. Serwaa alimpigia akitoka kwenye mtihani, akamwambia ulikuwa mgumu, na wote wawili wakalia kidogo. Kesho yake Lariba alikula ugali wa tuo sahani nzima. Homa haikurudi.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, Alhaji Yahuza akaingia uani kwao. Alikuwa hajakanyaga pale tangu mazishi. Kanzu yake ilikuwa imechafuka vumbi jeupe na midomo imepasuka, na mkononi alikuwa na funguo za nyumba. Akaziweka chini miguuni pa Mama Sanatu.

"Chukueni, shemeji. Nyumba, hati, kila kitu. Ila mwite binti yako arudi."

"Binti yangu yupi?"

"Lariba. Tangu juzi amekaa ukumbini kwangu. Hali, halali, haendi msalani. Ananiuliza watoto wako wapi. Namwambia watoto gani? Anarudia tu, watoto wako wapi..."

Lariba akatoka jikoni na bakuli la pilipili. Yahuza alimwona, akamtazama tena, akarudi nyuma mpaka akagonga pipa la maji.

"Nafisa na Hawau wako wapi, baba mdogo?" Lariba akauliza. Hao walikuwa mabinti wadogo wa Yahuza, mama yao yuko Tamale kwa msiba.

"Nimewaacha nyumbani." Sauti yake haikusikika vizuri. "Aliniambia nenda tu, mimi nitawaangalia. Hawakuogopa. Walijua ni wewe."

Bakuli likaanguka. Lariba alikimbia vichochoro vyote vya Asawase miguu mitupu, Yahuza anahema nyuma yake, Mama Sanatu amekwenda kumwita Malam, na jua lilikuwa pale pale utosini, halina kivuli, na kadiri alivyoikaribia nyumba ya baba yake ndivyo mtaa ulivyozidi kuwa kimya, kuku hawalii, wauza duka wamesimama milangoni bila kujua wanatazama nini, mpaka alipousukuma mlango wa geti akakuta zege la ua limepasuka katikati, vipande vimeinuka kama ganda la kidonda, na pembeni ya shimo wamekaa Nafisa na Hawau, wananing'iniza miguu, wazima, wanacheza na kokoto.

"Dada Lariba," Hawau akashangaa, "si umeingia humu sasa hivi? Umepitia wapi kutoka?"

"Njooni kwangu. Taratibu."

"Umesema sisi twende," Nafisa alisema akisimama na kujipangusa. "Umesema baba abaki."

Yahuza alikuwa amefika getini. Hakuna aliyemsukuma, lakini miguu yake ilianza kwenda kuelekea shimoni, visigino vinakwaruza zege, mwili wa juu umelala nyuma kwa kukataa. Alipopita karibu, Lariba alimdaka mkono wa kanzu. Alimshika kwa nguvu zake zote.

"Usiniache, mwanangu," Yahuza alisema. "Usiniache. Mimi ni damu ya baba yako."

Kule mtaani ilisikika sauti ya Malam ikipaza, "Mshike! Nakuja! Mshike hapohapo!" Ilikuwa imebaki kona moja tu.

Malam alipoingia aliwakuta wasichana wameficha nyuso getini, na Lariba amesimama peke yake kando ya shimo. Lilikuwa shimo la kufika magotini. Vijana wa mtaa walichimba mpaka swala ya isha, wakakuta mizizi iliyooza na udongo mkavu. Yahuza hawakumpata, wala kanzu yake.

Mwaka uliofuata Lariba alifanya mtihani wake, kwa akili yake, akafaulu. Siku ya kuondoka kwenda Accra alipita kumuaga Malam Sualihu. Mzee akamwombea dua, akamshonea kofia ya kumpelekea mwalimu wake, kisha akabaki ameshika sindano hewani.

"Kuna jambo limenikaa mwaka mzima," alisema. "Siku ile nilimsikia Yahuza akikulilia. Kisha akanyamaza. Lilikuingia tena? Ndilo lililokufungua vidole?"

Lariba alifunga mkoba wake vizuri, akaushika mpini.

"Hapana, Malam," alisema. "Uliliapisha mwenyewe. Halijanigusa tena."