Aliyekaa Nyuma ya Aruna

Tandiko lilikuwa na joto. Aruna aliligusa asubuhi, kabla jua halijafika uani, akadhani ni mkono wake. Akaligusa tena kwa mgongo wa kiganja. Lilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi, na baiskeli yenyewe bado haikuwa na magurudumu.

Aruna alikuwa mchuuzi wa vitenge, mtu wa Maniema. Kila siku alitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Manika hadi kambi ya Kapata, kuwauzia wake za wachimbaji wa shaba nyumba kwa nyumba. Mkewe, Nuru, alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa hiyo Kalombo, muuza vyuma chakavu, alipomwachia baiskeli kuukuu ya mbio kwa bei ya kutupa, Aruna hakuuliza imetoka wapi.

Aliifanyia kazi wiki nzima. Alikwangua kutu, akachemsha mnyororo, akanyoosha njiti za magurudumu moja moja. Alipofumua utepe uliozungushwa kwenye usukani, akakuta ndani ya bomba karatasi iliyokunjwa, yenye maandishi ya Kiarabu. Alidhani ni hirizi ya kuzuia wezi. Hakuwa mtu wa kutupa maneno ya Mungu, basi akaichoma kwa heshima, na majivu akayafukia. Kesho yake ndipo tandiko lilipokuwa na joto.

Siku ya kwanza barabarani, baiskeli ilikwenda vizuri hadi nje ya mji. Kisha ikawa nzito. Aruna akatazama gurudumu la nyuma: lilikuwa limebonyea kama limepakia mtu, ingawa hapakuwa na mahali pa mtu kukaa. Akashuka, gurudumu likabaki limebonyea.

Huko Kapata, Mama Ndaya, mteja wake wa zamani, alifungua mlango akatazama nyuma ya Aruna.

"Tata Aruna, na ule mutu unabeba, hashuke?"

"Nani, mama?"

Mama Ndaya alirudi ndani upesi. Alifunga mlango kwa komeo, saa saba ya mchana.

Aruna alirudi akiisukuma. Nyumbani alimkuta Nuru ameketi kitandani, mikono tumboni.

"Mutoto hachezi tangu asubuhi," alisema kwa sauti ndogo. "Na kuko mutu anakohoa pa mulango. Nilitoka kuangalia, hakuna mutu."

"Ni jirani."

"Jirani hanuke shaba, Aruna."

Aruna naye aliisikia, harufu ya shaba iliyonyeshewa mvua, ikitoka ukumbini ambako alikuwa ameegemeza baiskeli, ikipita chini ya pazia, ikisogea taratibu kama mtu anayeingia kwa adabu katika nyumba asiyoijua, mpaka ikasimama kati yao wawili, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake, kwa kuwa mfumbati wa kitanda ulilia na hakuna aliyeketi upande ule.

Aruna alikwenda kumwita Mwalimu Alimasi, aliyefundisha watoto Kurani. Alikuja baada ya alasiri, akasoma juu ya maji, akainyunyizia baiskeli, kisha akamnyunyizia Nuru. Nuru akainamisha kichwa. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ya mwanamume mzee.

"Mi sitaki muke. Mi nataka kufika."

"Kufika wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Ku Kasaji. Banifungaka mu hii chuma na karatasi. Ule alichoma karatasi, ni yeye atanibeba."

"Na mutoto?" Aruna alinong'ona.

"Nikifika, atacheza."

Mwalimu alimvuta Aruna nje. "Kama atashuka kule, basi. Kama hashuke..." Aliligusa bega la Aruna, akaenda zake.

Alfajiri Aruna aliondoka. Njia ya magharibi ni mchanga mtupu, na aliendesha baiskeli siku tatu, mgongo ukimuuma, pumzi ya mwingine ikimpiga shingoni kwenye kila kilima. Walipozifikia nyumba za kwanza za Kasaji, gurudumu liliinuka na baiskeli ikawa nyepesi hata akayumba. Hakugeuka. Aliiegemeza kwenye ukuta wa stesheni, akapanda treni akarudi nyumbani.

Nuru alimpokea akilia na kucheka. "Juzi mutoto alinipiga teke, ya nguvu."

Alimpikia ugali wa bukari na mboga ya sombe, wakaketi mkekani. Aruna alikuwa amekonda, lakini uso wake ulikuwa umetulia. Alinawa, akataja jina la Mungu, akamega tonge la kwanza, akalichovya. Kisha akalipitisha juu ya bega lake, nyuma, kama mtu anayemlisha mtoto aliyebebwa mgongoni.

Mkono ulirudi mtupu.

Nuru alitazama mkeka nyuma ya mumewe. Ulikuwa safi. Aruna alimega tonge la pili, akala mwenyewe, akatafuna polepole, kisha akamtazama mkewe kwa mshangao.

"Juu ya nini hauli?" akauliza.