Picha ya Tarehe Kumi na Mbili

— Igihozo, leo barrière ya mpaka iko wazi ao tunakuja kupika karoti zetu hapa kwako?

Mama Kampire alikuwa mlangoni mwa ofisi ndogo ya Igihozo ya kuchapa barua, ng'ambo ya mpaka wa Goma, kapu kichwani. Igihozo alicheka.

— Ungoje, mama. Niangalie kwanza.

Kila asubuhi alifungua tovuti za redio mbili za Goma, gazeti moja la Kigali na ukurasa wa wilaya, kisha ile tovuti inayoonyesha picha ilitokea wapi kwanza. Ndipo alipoandikia kundi la wanawake wanaovuka na biashara. Hakuwahi kuwadanganya.

Tena alikuwa na Siméon, mchumba wake, upande wa Goma. Siméon alimpigia picha za njia ya barrière na kumtumia kama faili, jinsi Igihozo alivyomfundisha, maana hivyo picha haipotezi tarehe yake. Harusi ilikuwa mwezi wa sita.

Mpaka ulikuwa umefungwa wiki tatu, na wiki tatu hizo Siméon hakupokea simu. Aliandika tu kwamba mtandao unasumbua: “Réseau mbaya, chérie.” Kisha picha.

Asubuhi hiyo redio zote mbili zilisema mpaka umefunguliwa. Igihozo akafungua picha mpya ya Siméon alinganishe.

Tarehe 12 Machi. Na leo ilikuwa tarehe 4 Aprili.

Akafungua ya jana: tarehe 11 Machi. Ya juzi: tarehe 9. Picha za watu wote alizikagua; za Siméon alikuwa anazitazama tu, kwa mapenzi.

“Unanitumia picha za zamani. Uko na nani?”

“Niko peke yangu, chérie.”

“Muongo! Baki naye huyo. Na mahari, hiyo dote yenu, usilete.”

Alilia kwa hasira, akapangusa uso, akaandikia kundi kwa kutegemea redio tu, bila picha ya leo: “Barrière iko wazi. Nimehakikisha.” Mama Kampire akaondoka na karoti zake.

Saa sita mchana wakaingia wanawake wawili kutoka Goma: Mama Nyirasafari, mamake Siméon, na Drocella, dada yake Siméon. Igihozo aliona haya kwa ule ujumbe wake.

— Karibuni, mama. Siméon iko wapi? Amekasirika?

— Ikala kwanza, mwanangu, alisema mama akimvutia kiti. Umekula?

Igihozo akaelewa. Kwao habari ya msiba haipelekwi kwa simu, wala haiambiwi mtu aliyesimama na njaa.

— Sitaki kuikala! Siméon iko wapi?

Drocella akaweka simu mezani. Ilikuwa ya Siméon, kioo kimepasuka.

— Ni mi nilikuwa naandika, wifi. Unisamehe. Kufa ya mutu hawasemake ku telefone. Barrière ilikuwa imefungwa, njo nikasema nikuchunge mupaka tufike. Picha nilitoa mu simu yake. Sikujua zinabeba tarehe.

— Alikufa lini?

— Tarehe kumi na tatu, asubuhi. Camion ya mizigo ilimugonga.

— Alikuwa anaenda wapi?

Drocella akainamisha kichwa.

— Sema, Drocella!

— Ku barrière. Kukupigia picha.

Igihozo alipiga yowe, watu wa duka la pili wakaja mbio. Mama Nyirasafari akamkumbatia, wakalia pamoja, mama akimwambia si kosa lake, naye akikataa.

Alipotulia kidogo alimtazama Drocella kwa macho mekundu.

— Mulimuzika? Muna picha ya kaburi?

— Iko.

— Nitumie. Kama faili.

Drocella akatuma. Msalaba wa mbao, jina la Siméon, udongo ungali mbichi. Igihozo alitafuta tarehe. Alikuwa anaomba iwe ya uongo, hata mara hii moja. Tarehe 14 Machi. Ilikuwa kweli.

— Mulijuaje kama mpaka imefunguliwa? aliuliza.

— Tulisoma mu kundi lako, wifi. Ulisema umehakikisha.

Simu yake ikalia. Mama Kampire aliandika kutoka Goma: “Mwanangu, saa ya kurudi bado iko wazi?”

Igihozo akafungua redio ya kwanza, akafungua ya pili, machozi yakidondokea kioo. Hakukuwa na picha ya kulinganisha.

“Redio zinasema iko wazi, mama,” aliandika. “Lakini mi sijahakikisha.”