Ndege wa Hidaya kwenye Mifuko Sitini

Kila siku akitoka shule Jovina alivua sare, akanawa mikono, akakaa kando ya cherehani kumkatia mama nyuzi. Mama yake, Efrazia, alijifunza kushona kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla hawajarudi Burundi. Sasa wako Gitega, na mama anashona mifuko ya kitambaa. Wiki hiyo nyumba nzima ilichangamka. Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya mafundi Muyinga, nao walikuwa wamepata meza.

Picha ya kupamba mifuko aliitafuta Jovina mwenyewe kwenye simu ya mama. Ilikuwa ya umusambi, yule ndege mwenye taji la dhahabu, ameinua bawa moja kama anayeanza kucheza. Mchoraji aliitwa Hidaya, wa hukohuko Muyinga. Wakalipa, picha ikaingia kwenye simu, na Jovina akabeba gunia la mifuko mbio hadi kwa Fiston, Mkongomani mwenye mashine ya kuchapa picha kwenye nguo.

"Hii ndege iko mzuri," Fiston akasema. "Lakini mwenye kuichora alikubali muiuzishe?"

"Tumeinunua, kaka Fiston. Ni kama kitambaa. Ukishanunua unakata unavyotaka."

"Mi nauliza tu. Picha haiko kitambaa."

Jovina hakutaka kusikia zaidi. Mashine ikafungwa, ikafunguliwa, na ndege huyo hapo kwenye mfuko, rangi zinawaka. Jovina akapiga makofi. Jioni mifuko sitini ilikuwa tayari.

Ijumaa alifungua tena ujumbe wa Hidaya ili kaka yake, Moses, aione picha. Ndipo akayaona maneno ya chini, ambayo hakuwahi kuyasoma: "Ni kwa matumizi yako ya nyumbani. Ukitaka kuiweka kwenye kitu cha kuuza, tuongee kwanza."

Moses akacheka. "Futa huo ujumbe. Nani atajua?"

"Maonyesho yenyewe ni Muyinga, mjini kwake."

"Basi sema hukuona."

"Lakini nimeona."

Akamweleza mama. Mama akaitazama mifuko. Kitambaa chote walichokuwa nacho kilikuwa humo. Hakugomba.

"Tutaibeba," akasema. "Ila hautoki mfuko hata mmoja kwenye gunia mpaka tumwone huyo Hidaya. Akikataa, tunarudi nayo."

Asubuhi, Muyinga, waliulizia, wakamkuta Hidaya kwenye meza ya tatu kutoka yao. Alikuwa dada kijana, anachora kwa kidole kwenye kioo cha simu. Jovina akamsogelea na gunia.

"Shikamoo, dada. Mimi ni Jovina wa Gitega. Nilinunua umusambi wako, nikamweka kwenye mifuko ya kuuza. Sikusoma maneno yako. Hatujauza hata mmoja."

Hidaya akachukua mfuko, akaugeuza huku na huku.

"Mwaka jana nilimkuta ndege wangu kwenye fulana sokoni," akasema. "Muuzaji akaniambia usoni kwamba kamchora yeye. Wewe umekuja mwenyewe." Kisha akatabasamu. "Na umusambi huyu sijawahi kumwona mkubwa hivi."

Akawaandikia ruhusa: mifuko hiyo sitini tu, naye apate sehemu ya mauzo, na jina lake liwe chini ya kila ndege. Watu walikuwa wameshaanza kuingia. Hidaya, Jovina na mama wakapiga magoti na kalamu za wino, wakaandika haraka haraka huku wanacheka, mpaka vidole vikauma. Mnunuzi wa kwanza akauliza, "Hidaya ni nani?" Jovina akanyoosha mkono kwa furaha: "Yule pale." Kabla ya saa sita gunia lilikuwa tupu, na Hidaya alikuwa ameombwa na wanunuzi kuchora picha nyingine mbili.

Njiani mama akauliza, "Unamkumbuka yule ng'ombe wa jirani tuliyepewa kumtunza kule Bugendana?"

"Ndiyo. Maziwa tulikunywa sisi."

"Na alipozaa?"

"Tulimwita mwenye ng'ombe kwanza, mkaelewana juu ya ndama."

"Picha nayo ni hivyo, mwanangu. Ulilipia kuwa nayo nyumbani. Kuizalisha ni kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa sababu ni jasho lake. Soma maneno yote kabla ya kuanza, na ukikosea, nenda ukaseme kabla hujaulizwa."

Jioni ile Jovina alichora ng'ombe kwenye daftari, akaandika jina lake chini. Mama akachungulia.

"Huyu angependeza kwenye mifuko yangu."

"Tuongee kwanza, mama," Jovina akasema.