Twiga wa Namba 417

"Chai imechemka."

Sauti ilikuwa ya Makokha, mkuu wake katika Idara ya upelelezi. Ilitokea kwenye kifaa kidogo kama punje ya mahindi, ndani ya sikio la kushoto la Kamene.

"Rudia," alinong'ona.

"Chai imechemka. Sanduku linaondoka saa tisa. Una dakika ishirini."

Kamene hakugeuza shingo. Aliendelea kutafuna karanga na kutazama skrini, kama mama yeyote wa Makadara aliyekuja kula Jumamosi yake. Bastola yake ya Glock 19 ilikuwa imetulia chini ya leso.

Ilikuwa siku ya mwisho ya tamasha la filamu mpya za Kijapani, na ukumbi wa mtaa ulikuwa umefurika mpaka mlangoni. Watu wa Eastlands wasome maandishi chini ya skrini? Thubutu! Wanataka kuambiwa. Ndiyo maana waandaaji walimweka Okumu kando ya skrini na maiki. Huyu Okumu amefasiri filamu kwenye vibanda vya video tangu hana ndevu.

"Cheki huyu mzae, wasee!" Okumu alikuwa akibwata. Kwenye skrini, mzee mmoja alikuwa akitengeneza baiskeli mvua ikinyesha. "Mtoi wake alihamia Tokyo. Hata simu hapigi!"

Ukumbi ukacheka. Kamene hakucheka. Baba yake alikuwa akiishi Njiru, na mara ya mwisho kumpigia ilikuwa Pasaka.

Lakini kazi ni kazi.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na stoo. Ndani ya stoo, juu ya sanduku la mbao, alikuwa ameketi Maingi, mtu aliyepewa kazi ya kusafirisha vifaa vya tamasha. Diski za filamu zilikuwa zinarudi ng'ambo, na sanduku hilo nalo, limeandikwa "Zawadi za wageni." Mizigo ya tamasha haipekuliwi uwanja wa ndege. Waandaaji, maskini, hawakujua lolote. Idara ilikuwa imenusa pembe za ndovu.

Namna gani ya kumtoa Maingi pale bila risasi? Kamene alimwandikia Okumu ujumbe kwenye simu yake ya Tecno. Okumu alikuwa mtu wa Idara kwa miaka minne, na hata mkewe hajui.

"Samahani, wasee," maiki ikakohoa. "Mwenye Probox nyeupe, ile ya stika ya simba! Kanjo wanaivuta saa hii!"

Dereva wa Nairobi anaweza kuvumilia bunduki. Kuvutiwa gari na askari wa jiji hawezi. Maingi alitoka stoo mbio, funguo mkononi.

Kamene akaingia.

Alikibandua kifuniko kwa bisibisi. Ndani, kwenye maranda, walilala twiga ishirini wa kuchonga, weusi, wembamba. Lo! Walikuwa wazuri. Shingo zilipinda kidogo, kana kwamba wanasikiliza. Alikwangua mguu wa mmoja kwa kisu chake cha Victorinox. Kiwi ya viatu ikatoka.

Chini yake, weupe.

"Nimepata," alisema. "Pembe. Zimepakwa kiwi zionekane mpingo."

"Safi. Fundi ni nani? Bila fundi wa kusema nani alimletea pembe, Maingi atajiita mchukuzi na kesho atakuwa nyumbani."

Kamene alimpindua twiga. Wachongaji wa Kikamba wana desturi yao: kila mwanachama wa ushirika ana namba yake, na huichoma kwa waya moto chini ya kila kinyago. Ni sahihi yake.

417.

Namba ile ilikuwa kwenye sanduku lake la shule. Ilikuwa kwenye jembe la nyumbani, kwenye sufuria, kwenye kiti cha marehemu mama.

Alibonyeza kifaa kikanyamaza, akapiga simu.

"Baba. Shikamoo."

"Marahaba! Kamene! Leo jua limetokea wapi?"

"Baba, twiga. Walikuambia ni nini?"

Jogoo aliwika mahali, Njiru.

"Mifupa ya ngamia," mzee alisema. Halafu, polepole: "Lakini nilijua siku ya kwanza. Msumeno ulinuka jino, si mfupa."

"Kwa nini, Baba?"

"Miaka mitatu hakuna aliyeniita fundi, mwanangu. Yule Maingi akaja, akaniita fundi."

"Na namba? Kwa nini uliandika namba?"

"Nisiandike? Kwani nimeiba? Ni kazi yangu ile."

Kamene alitamani kulia. Alikata simu badala yake.

Mlango ukafunguka kwa teke.

"Hakuna kanjo wowote!" Maingi alifoka, jasho likimtoka, bastola ya Beretta mkononi. Halafu akaona.

Kamene alimrushia kifuniko cha sanduku magotini. Risasi ikatoboa dari. Kiwiko. Shingo. Sakafu. Pingu zikalia.

Ukumbini watu walipiga makofi, wakidhani ni filamu.

Maingi alimtazama usoni muda mrefu, akacheka na damu menoni. "Ebo! Sura ni moja. Mzee alisema ana binti, karani wa serikali, mambo ya mafaili. Ikwangue namba, dada. Twiga ishirini tu. Mzee wako analala kwake, na mimi kwangu."

Kamene aliokota kisu chake kwenye maranda. Alikwangua ile nne ya twiga wa kwanza. Ilitoka kirahisi, unga mweupe ukamwangukia kidoleni.

Halafu akamwona baba yake ameinama na waya wake moto, macho hayaoni vizuri, akiandika namba hiyo mara ishirini bila kuruka hata moja. Akikwangua zote, hakutabaki pahali palipoandikwa kwamba mzee yule aliwahi kuchonga kitu kizuri. Na Maingi Jumatatu atamtafuta mzee mwingine amwite fundi.

Akawasha kifaa.

"Kamene! Fundi ni nani?"

"Namba 417. Kiema Mumo. Njiru, nyumba ya tatu baada ya kisima cha maji."

"Unamjua?"

"Ni baba yangu."

Makokha alipumua. "Sheria ya wanyamapori haina mchezo, unajua. Hata akitoa ushahidi. Ana miaka mingapi?"

"Sabini na moja."

"Pole. Huwezi kwenda na askari watakaomchukua."

"Najua."

Akapiga Njiru tena. "Baba, kuna watu wanakuja. Waambie ukweli wote."

"Ngoja nivae koti." Alirudi kwenye simu. "Kamene. Shingo hazikuvunjika njiani?"

"Hazikuvunjika. Hata moja."

"Ishirini zote?"

"Zote, fundi."

"Basi," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha, na hilo ndilo lililomvunja Kamene moyo kabisa. "Basi ni sawa."

Watu wa Idara walipomchukua Maingi na sanduku, Kamene alifunga leso, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimshangilia Okumu, akatokea Jogoo Road. Jua lilikuwa kali. Alitembea polepole, mikono mfukoni, akisugua ule unga mweupe kidoleni. Haukutoka.