Anayempiga Folau Usingizini

Folau alipoacha kukoroma, kila mtu alimshukuru Mungu, isipokuwa dada yake. Lesieli alikuwa chumbani kwake upande wa pili wa ukuta, saa tano asubuhi, anasuka mkeka wa kujifunga kiunoni wa bwana harusi mmoja, akasikia kimya. Kimya kile kilikaa mno. Kisha likalia kofi, paa, kiganja juu ya nyama, na kaka yake akavuta pumzi kwa kishindo akaendelea kulala. Nyumbani walikuwa watu wawili tu, yeye na Folau.

Nyumba ile naijua, nimekula pale mara nyingi. Iko magharibi mwa Sydney, mtaa ambao sisi Watonga wa visiwa vya Pasifiki tumejazana hata kanisa letu lina kwaya mbili zisizosalimiana. Folau alifanya kazi ya usiku kwenye ghala, akiendesha mashine ya kunyanyua mizigo, na mchana alikuwa analala. Mkewe Pisila alishinda kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Lesieli, dada mkubwa ambaye hakuolewa, alishinda nyumbani na mikeka yake. Kwetu kaka na dada wakishakua hawalali chini ya paa moja, lakini Sydney utapata wapi nyumba mbili? Basi ukuta ule ndio ukawa heshima yao. Lesieli hakuwahi kukanyaga chumba cha kaka yake, wala kutaja kulala kwake, wala mwili wake. Neno lolote la namna hiyo lilipitia kwa wifi.

Na mwili wenyewe ulikuwa habari. Kabla ya upasuaji Folau alikuwa na kilo mia moja themanini na sita. Akilala koo lilijiziba, pumzi ikakatika, akashtuka, akavuta, ikakatika tena, hivyo hivyo mpaka aamke amechoka kuliko alivyolala. Hospitali wakampa mashine ya kusukuma hewa, yenye bomba na barakoa ya kufunga puani, wakamwambia hawamgusi kwa kisu mpaka aizoee. Akaizoea. Wakampunguza tumbo, na mwaka haujaisha alikuwa amepungua kilo sabini, suruali zinamvuka, na barakoa imelegea usoni inapiga mluzi. Muuguzi alimwambia wazi kwamba kukonda si kupona. Aje kwanza wampime usingizi, wampe barakoa ndogo, asiiache mashine hata siku moja. Folau akaitikia vizuri tu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Uaisele, mwimbaji wa sauti nene kwayani, mtu mnene kuliko alivyokuwa Folau mwenyewe, akamshika bega. "Ndugu yangu, wewe sasa umekuwa mlingoti. Ile mashine unaiweka ya nini? Mimi mke wangu amehamia sebuleni kwa kukoroma kwangu."

Kwetu mtu akishakuomba hivyo mbele ya watu, kumnyima ni aibu ya ukoo mzima. Folau akaitia mashine kwenye begi, akampa. Lesieli alimwona akiibeba kwenda garini. Neno la dada kwetu kaka halivunji. Angesema "rudisha," ingerudi. Lakini angeanzaje bila kutaja kitanda? Akanyamaza, na kunyamaza kule kumemla hadi leo.

Siku ya tatu ndipo likaja lile kofi.

"Wifi," alimnong'oneza Pisila jioni wakimenya majimbi, "mumeo mchana analala na nani?"

Pisila akacheka. "Akimpata wa kumvumilia na ile njaa yake ya supu, mwambie nimetoa ruhusa."

"Sitanii. Kuna mtu anampiga."

Pisila akaweka kisu chini. Alitazama mlango kwanza, kisha akasema polepole, "Ana alama kifuani, wifi. Za vidole. Nilidhani amejigonga kazini. Na shuka zinanukia mafuta ya nazi yenye msandali."

Lesieli aliyajua. Mafuta hayo ndiyo waliyompaka mama yao, Manusiu, siku walipomtayarisha kwa maziko, miaka mitatu nyuma. Na mama alikata roho katika chumba kile kile, kilipokuwa bado chake.

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema anamwota mama. Anamzaba makofi kama siku ile alipotoroka shule. Nami nikacheka, jamani. Nikamwambia mama yako hajakusamehe."

Mtoto yeyote wa kwetu angeijua maana yake. Wafu wa namna hii sisi tunawaita tevolo. Ninyi semeni jini, semeni mzimu, ni hao hao. Mfu akikujia usingizini na kukugusa, anakutaka. Na mama aliyempenda mwanawe kupita kiasi ndiye wa kuogopwa zaidi, maana hatakuacha kwa wengine.

Tangu hapo Lesieli hakusuka tena. Alikaa sikio ukutani. Kila siku Folau akirudi kutoka kazini na kulala, mnamo saa tano, harufu ya msandali ilipenya chini ya mlango, nzito, tamu, ikamkaa kooni. Kisha pumzi ya kaka yake ilikatika, na Lesieli akaanza kuhesabu bila kutaka, kumi, ishirini, thelathini, huku akisikia godoro likilalamika upande mmoja kama mtu anapokaa pembeni ya mgonjwa, na nguo zikisugua, na sauti ya mwanamke ikisema jambo fupi, lile lile, chini chini, mara ya pili, mara ya tatu kwa ukali, kisha paa, paa, na ndipo pumzi ilipofunguka kwa mkoromo wa mtu aliyetolewa majini. Siku nyingine ilitokea mara ishirini kabla ya saa nane. Lesieli alilia akiwa amejifunika mto, kwa sababu ilikuwa sauti aliyoitamani miaka mitatu, na sasa anaiogopa.

Wakamwita Bibi Losaline.

Bibi yule ni mganga wa dawa za kwetu, mdogo wa umbo, hana mchezo. Hatozi hata senti. Alikuja na majani ya nonu, mti wetu wa dawa, yaliyotoka Tonga, akayatafuna, akayakamua kwa kitambaa, akamwambia Folau alale chali amdondoshee maji yake machoni. Lesieli alibaki ukumbini, amegeuzia mlango mgongo.

"Bibi, tumbo nimekatwa," Folau alisema kwa utani wake, "sasa na macho unayatia pilipili?"

"Nyamaza, mtoto. Wewe umekonda mpaka wafu wanakuona mwepesi wa kubeba."

Alipomaliza alitoka, akamuuliza Lesieli maswali kwa sauti ya chini. "Kinachotangulia ni nini?"

"Kimya, bibi. Halafu mama anasema naye. Halafu makofi. Halafu anavuta pumzi."

Bibi Losaline akasema, "Hicho kimya ndiye yeye, mama yenu. Anakaa kooni. Kijana anapigana naye ndipo anapumua. Siku moja atashindwa." Akafunga mafungu ya majani juu ya dirisha na juu ya mlango, akapaka fremu zote dawa. "Sasa hataingia. Lakini ni mama, atakuja kulia nje. Atakuita wewe, maana wewe ni wa kike. Atasema maneno ya kukukata maini. Usimjibu. Ukimjibu tu, umemfungulia."

"Na mimi nifanye nini?"

"Imba."

Siku ya pili yake, Alhamisi, Folau alirudi kutoka kazini saa moja asubuhi, akanywa vijiko vitano vya supu, akamwambia dada yake bila kumtazama usoni, kama ilivyo heshima, "Dada, leo nitalala kama watu." Akafunga mlango. Lesieli alifurahi. Nasema alifurahi, kwa sababu mwenyewe ameniambia, na sina haki ya kumpunguzia.

Ilipofika saa tano harufu haikuingia. Pumzi ya Folau ilikatika, na kabla hajahesabu kumi, kioo cha dirisha la kaka yake kikagongwa kutoka nje, taratibu kwanza, kwa kidole, kisha kwa kiganja, kisha kwa viganja viwili, na ile sauti ambayo ukuta ulikuwa ukiimeza siku zote sasa ikasikika wazi uani, sauti ya Manusiu, ikisema, "Pumua, mwanangu, pumua," na kioo kikatetemeka, na hatua zikaja mbio kwenye majani makavu kuizunguka pembe ya nyumba mpaka dirishani kwake yeye Lesieli, na mama akasema, "Lesieli, mwamshe ndugu yako, mimi wamenifungia, ingia umwamshe," na Lesieli akaona mvuke wa pumzi ukitanda kwenye kioo mahali pasipo na uso, akafumba macho, akaimba, na mama akaita, "Lesieli, wewe una mikono," akaimba kwa nguvu zaidi, beti zote nne, akaanza wimbo wa pili, akamaliza, akaanza wa tatu, na katikati ya wimbo wa tatu kugonga kukakoma. Uani akabaki mtu analia kwa kwikwi, kilio cha msibani.

Lesieli alimshukuru Mungu kwamba dawa imeshika. Akaenda kuteleka supu.

Pisila alirudi saa tisa akamkuta mumewe amelala chali, midomo ya bluu. Mhudumu wa gari la wagonjwa alijaribu kumzindua kwa muda mrefu, kisha akapiga magoti akawauliza kama marehemu alikuwa na mashine ya kupumulia.

"Alikonda," Pisila alisema. "Akaigawa."

"Waliokonda pia koo huziba, dada. Huwa panahitajika wa kuwaamsha."

Lesieli alikuwa amesimama kizingitini. Aliingia chumba kile kwa mara ya kwanza tangu kiwe cha kaka yake, na hakuna aliyemkataza. Alipita mbele ya watu wote akaupandisha mkono wake juu ya dirisha, akayang'oa majani, akakisukuma kioo wazi. "Mama," alisema, "pita." Pisila alidhani amerukwa na akili.

Tulimzika Folau Jumamosi. Siku kumi tuliimba katika ukumbi ule, Uaisele akilia kuliko sote, na mashine ameirudisha ikakaa pembeni hakuna anayetaka kuishika. Kisha watu tukatawanyika, wakabaki wanawake wawili na godoro tupu.

Jumatatu iliyofuata Pisila hakwenda kazini. Saa tano harufu ya msandali ikapita mbele yao ukumbini, ikaingia chumbani. Wakasikia godoro likiitikia uzito. Sauti ikasema jambo fupi, ikarudia, ikarudia kwa ukali. Kisha kofi. Hakuna aliyevuta pumzi. Kofi tena, na tena, bila kupumzika, mpaka alasiri.

"Wifi," Pisila alinong'ona, "tumwite Bibi Losaline amtoe."

"Mwache," Lesieli alisema. "Mimi nilikuwa na mikono nikaimba. Mwache amwamshe mwanawe."