Yule wa Kiti cha Nyuma

Sauti ilichelewa. Ndivyo ilivyoanza, na ukisimuliwa utaona si jambo la kumtoa mtu jasho. Mke wa Darubini alisimama mlangoni pa jiko, kitambaa begani, akafungua kinywa kumwita mumewe aje anywe chai. Midomo ikacheza, ikafunga. Kisha, baada ya muda wa kumeza mate, ndipo maneno yakafika: "Njoo, inapoa."

Darubini akainua uso kutoka kwenye simu yake. Mkewe alikuwa amejishika koo, anacheka kidogo kama mtu aliyejikwaa mbele za watu.

"Umeona hiyo?" akauliza. Na hilo nalo likachelewa.

"Mafua hayo," akasema Darubini. "Kunywa kitu cha moto."

Alijibu upesi mno. Asiye na hatia huuliza kwanza kuna nini; mwenye hatia huwa na jibu mfukoni.

Tuseme kweli tangu mwanzo, maana kisa hiki kimezaliwa na uongo na hakihitaji kuongezewa mwingine. Darubini alikuwa mkaguzi wa magari. Mtu wa mbali akipenda gari mtandaoni, akaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, alimpigia yeye: nenda kaniangalizie. Naye angekwenda, angelala chini ya gari, angenusa mafuta, angegonga milango kwa kifundo cha kidole na kusikiliza wapi pana chuma na wapi pana rangi tupu. Jina la Darubini hakujipa, alipewa, na kwa miaka mingi alilistahili. Watu walinunua kwa macho yake. Hebu pima uzito wa jambo hilo: mtu aliye mbali anatoa akiba yake ya uzeeni kwa sababu tu wewe umesema, "Nimeona."

Mmoja wa watu hao alikuwa mwalimu mstaafu, mgane, anayeishi na binti yake mwendo mrefu wa basi kutoka hapo. Alikuwa ameona picha ya gari la kizamani, jeupe kama maziwa, usukani mwembamba kama bangili, aina ile ile iliyowabeba yeye na mkewe siku ya harusi yao. Kusafiri hakuweza, magoti yalikuwa yamemgomea.

"Mwanangu," alimwambia Darubini kwa simu, "wewe ndiye macho yangu huko. Ukiliona wewe, nimeliona mimi."

Gari lilikuwa la mjane mmoja, bibi mwenye mgongo uliopinda na maneno yaliyonyooka.

"Mimi siuzi kwa picha," alisema, akimkabidhi ufunguo langoni. "Humo ndani kuna yule wa kiti cha nyuma. Si wangu, nilimkuta. Ingia, funga mlango, tazama kila kitu kwa macho yako, na mwisho geuka umtazame yeye. Umwambie: nimekuona, gari linaondoka, wewe unabaki. Akiambiwa na mgeni husikia. Mimi ameshanizoea, hanijali."

"Mama, mimi nakagua injini," Darubini akatania. "Abiria sikagui."

"Basi leo kagua abiria," akasema bibi bila kucheka, akaingia ndani kupumzisha mgongo.

Mvua ikaanza. Kufuli la banda lilikuwa na kutu, ufunguo unazunguka nusu na kukwama, na jioni hiyo kulikuwa na fainali ya mpira. Tena katika ufa wa mlango ilitoka harufu ya nywele mbichi na chai iliyoungulia kwenye sufuria. Darubini alijiambia ni mvua. Alijiambia ni kutu. Baadaye alijiambia mengi, kwani mtu akitaka kujisamehe hakosi mawakili. Lakini ukweli ni mfupi: hakuingia. Alisimama chini ya ukingo wa bati mpaka ukapita muda unaotosha kukagua gari, akarudisha ufunguo.

"Umemwona?" bibi akauliza.

"Nimeona kila kitu, mama."

Bibi akamtazama machoni. "Haya. Shahidi ni wewe."

Picha Darubini alizomtumia mwalimu ni zile zile za kwenye tangazo, amezikata pembeni zisitambulike. Mwalimu alipoomba asikie mngurumo wa injini, Darubini alirekodi gari la jirani, la aina ile ile, lililoegeshwa chini ya dirisha la jiko lake. Katikati ya mngurumo mkewe akaita: "Njoo, inapoa." Darubini aliisikia ile sauti aliposikiliza tena, akaona ni kitu kidogo. Akaituma hivyo hivyo.

Lori likalichukua gari. Na lilipofika tu kwa mwalimu, sauti ya mke wa Darubini ikaanza kuchelewa.

Sasa, sauti ile haikuwa sauti ya hivi hivi. Mke wa Darubini alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi. Ndiye aliyewatuliza watoto waliopotezana na mama zao, na ndiye aliyewafanya madereva wajeuri wazime redio. Wasafiri walisema ukiachwa na basi baada ya kuitwa na mama yule, ulitaka mwenyewe. Nyumbani alikuwa akimtambia mumewe: "Mimi umenioa wewe, lakini sauti yangu imeolewa na mji mzima."

Ilichelewa, kisha ikapungua, kama maji ya bomba wanapofungulia mtaa wa pili. Daktari alimulika koo, akasema ni safi kabisa. Kituoni wakamweka msichana mwingine, wakasema ni kwa muda. Mke wa Darubini akabaki na mnong'ono tu, na hata kwa mnong'ono aliendelea kutania, jambo lililomuumiza mumewe kuliko machozi.

"Wanaume wengine huomba dua wapate mke asiyesema," alinong'ona. "Wewe umepewa bure."

Darubini alicheka. Akasogeza sahani pembeni.

Alasiri moja mwalimu alipiga simu, na furaha yake ilitisha kuliko kilio.

"Mwanangu, Mungu akuweke. Mbona hukuniambia kwamba linaita?"

"Linaita nini, mwalimu?"

"Linaniita mimi! Kila saa za chai. Marehemu mke wangu ndivyo alivyokuwa akiniita. Subiri, nikusikilizishe."

Zikasikika nyayo za kuburuzwa, mlango mzito ukafunguka na kufungwa, kisha kimya kizito kama cha ndani ya mtungi. Halafu injini ambayo hakuna aliyeiwasha ikaanza kunguruma. Darubini aliitambua: gari la jirani, na ule mkanda wake wa feni unaolia kama panya. Na juu ya mngurumo, nzima, tamu, ikaja: "Njoo, inapoa."

Nyuma ya Darubini sahani ikaanguka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mkono kooni, midomo yake ikicheza maneno yale yale kwa wakati ule ule, bila sauti.

Simu ikahamia mikono mingine. "Kaka," ikanong'ona sauti ya binti wa mwalimu, "umetuletea nini? Baba hali. Anashinda humo mchana kutwa, anasema mama anamwandalia chai. Amebaki mifupa. Nikimtoa, anarudi, na mlango unajifunga wenyewe. Kaka, wewe si ulisema umeliona?"

Darubini akakata simu, akatafuta viatu vyake.

Alirudi kwa bibi siku hiyo hiyo, akasimama langoni kama mtoto aliyevunja mtungi. Bibi hakumkaribisha wala hakushangaa.

"Hukuingia."

"Sikuingia, mama," akasema, akamsimulia na ile rekodi.

"Mahali pa macho yako ukamwachia sauti ya mtu, naye akaivaa. Yule hana chake. Akinyimwa macho, huchukua atakachokikuta." Akavuta pumzi. "Nenda huko aliko. Kaa ndani, fanya kazi uliyosema umeifanya. Tazama, sema unachokiona, bila kuruka kitu. Mwisho mgeukie, umwambie gari linabaki, yeye aondoke. Lakini usithubutu kumdanganya tena. Mara ya kwanza alichukua sauti. Mara ya pili humfuata mwenye sauti, akamvaa."

Asubuhi yake Darubini akafunga begi. Mkewe akamshika mkono wa shati.

"Umefanya nini?" akanong'ona.

"Sijafanya kitu."

Na hapo, ajabu ya Mungu, alikuwa amesema kweli tupu.

Kituoni msichana mpya alitangaza basi lake kwa sauti nyembamba, akakosea jina la mji. Hakuna aliyecheka. Darubini alipanda akiwa ameinamisha uso.

Alifika kesho yake, jua likiwa limeanza kupinda. Mwalimu alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele cha gari lile, mdomo wazi, akitabasamu. Alikuwa mwepesi hata Darubini na binti wakamtoa kama nguo za kuanua. Mzee akafumbua macho. "Macho yangu, umekuja," akasema. "Umeona nilivyopata raha?"

Darubini akampigia mkewe simu. "Usikate," akamwambia. "Na usiulize." Akaingia, akaiweka simu juu ya dashibodi, akavuta mlango. Ukafunga kwa ulaini wa kifuniko cha sanduku.

"Nimeona usukani," akaanza, kinywa kikavu. "Umepasuka upande wa kushoto."

Kwenye simu mkewe akavuta pumzi, na pumzi ile ikasikika.

"Nimeona breki. Imelegea. Nimeona sakafu, imeliwa na kutu chini ya kapeti. Ningeliona hili siku ile, ningemwambia mzee asinunue." Kila alichokitaja kilikuwa mbele ya macho, hakikufichwa, kilikuwa kinasubiri mtu wa kukitazama tu.

"Ni... niko hapa," simu ikasema, kwa sauti iliyokwaruza lakini ya mkewe.

Akaendelea, kitasa, taa, bawaba, akakusanya nguvu kwa kila neno la kweli, mpaka akabakiwa na kitu kimoja tu cha kutazama, na hapo ndipo springi za kiti cha nyuma zilipolia taratibu, kama zinavyolia mtu mzito anaposogea kutoka dirishani kuja katikati, na ile harufu ya nywele mbichi na chai iliyoungua ikamjia shingoni ikiwa na joto, na kioo cha kutazamia nyuma, ambacho tangu aingie alikuwa akikikwepa, kikaanza kufunikwa na ukungu wa pumzi isiyokuwa yake, huku kitu chepesi kama ncha za nywele kikimgusa bega, kikapumzika hapo kwa mazoea ya mtu wa nyumbani, na sauti ya mkewe, si hii iliyokuwa ikikwaruza simuni bali ile nzima, ya zamani, ile iliyoolewa na mji mzima, ikamwambia karibu kabisa na sikio, kwa upole wa anayejua udhaifu wako wote: "Njoo, inapoa."

Kugeuka ni shingo tu. Alijua. Alimfikiria mwalimu, alimfikiria mkewe, alijitukana kwa matusi yote anayoyajua, na akageuza shingo.

Ila alipokuwa akigeuka, akafumba macho.

"Nimekuona," akasema, akiwa gizani mwa kope zake. "Gari linabaki. Wewe ondoka."

Kisha kitu kikacheka, kicheko kifupi cha puani, kama cha msimamizi wa mtihani anayepokea jibu lililonakiliwa. Mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa. Harufu ikakatika.

"Darubini!" simu ikalia. "Darubini, nasikika! Jamani, nasikika!"

Nje, mzee alikuwa anaomba chakula, na binti yake alikuwa analia na kucheka pamoja. "Kaka, Mungu akulipe," akasema, jambo ambalo Darubini hakulitaka hata kidogo. Mwalimu akamshika mkono kwa vidole vyake vikavu.

"Ulimwona yule aliyekuwa akiniita, mwanangu?"

Angeweza kusema hapo. Mlango ulikuwa bado karibu, jua lilikuwa bado juu, na mzee aliyekuwa akimuuliza asingemcheka. Neno moja tu, kisha arudi ndani. Akayatazama macho yale yaliyomwamini.

"Nimemwona, mwalimu."

Basi lilipoingia kituoni nyumbani, Darubini aliisikia kabla hajashuka: sauti ya mkewe, nene, nzima, ikiwapanga watu mistari. Wapagazi walikuwa wanapiga makofi, muuza magazeti anapiga mluzi. Darubini alisimama kwenye ngazi ya basi akalia. Aliyemwona alidhani ni furaha. Yeye alikuwa amesikia kitu chini ya ile sauti, kidogo, kabla ya kila neno: mkanda unaolia kama panya.

Nyumbani mkewe aliongea njia nzima ya kutoka jikoni hadi mezani, kama mtu anayefidia. Akamwambia kila mtu kituoni alivyomkumbatia. Akamtania kuhusu shati chafu. Akamimina chai, akamsogezea kikombe, akaketi mbele yake na kukinga kidevu kwa viganja.

"Kunywa," akasema. "Inapoa."

Darubini akanywa. Ilikuwa na ladha ya kuungua. Hakusema.

Mkewe alikuwa anamtazama kwa mapenzi, kinywa kimefungwa, kope hazipepesi.

"Mume wangu," ikasema ile sauti, "kule nyuma uliponiona, nilikuwa nimevaa nini?"

Ndipo midomo ya mkewe ikaanza kucheza.