Kaburi Lisilo na Mtu

Kila Jumamosi, kabla darasa la watoto halijaanza, Chiriku alifuta vumbi kwenye mabenchi ya kanisa huku mdomo wake ukienda mbio kuliko kitambaa. Ndiyo maana akaitwa Chiriku. Nyuma yake alikuja mdogo wake wa kike wa darasa la kwanza, Kitufe, akifuta palepale palipokwisha kufutwa.

Mwalimu wao alikuwa fundi cherehani. Siku za kazi alishona sare, na jioni alichora kwa mkono picha za hadithi ya Pasaka. Kila picha ilikuwa moja tu. Jumamosi hiyo watoto wangezipaka rangi, na kesho yake, siku ya Pasaka, wangesimama mbele ya wazazi wakizishika kwa mpangilio, kuanzia Yesu anapoingia mjini juu ya punda.

Kitufe alipewa punda. Chiriku alipewa kaburi: pango, jiwe pembeni, basi.

"Mwalimu kasahau kumalizia," alinung'unika.

Mwalimu alipotoka kidogo, Chiriku alimsogelea mdogo wake.

"Kitufe, tubadilishane. Punda ana kazi nyingi, utachoka bure. Hii yangu nyepesi."

"Mwalimu kasema kila mtu na yake."

"Mimi si kaka yako? Nikudanganye nipate nini?"

Kitufe akampa. Maneno ya kaka yake hakuwahi kuyatilia shaka.

Chiriku alimpaka punda kwa raha zake. Kitufe naye aliitazama picha yake akaona kweli ina upungufu, akaijaza. Ndani ya pango alichora mtu amelala kitandani, mto kichwani, blanketi hadi kidevuni. Chini ya kitanda akaweka kandambili.

Mwalimu alipozikusanya picha, watoto walichungulia wakaangua kicheko.

"Yesu kaacha kandambili chini ya kitanda!"

Kitufe alianza kulia. Mwalimu, ambaye kwa wingi wa watoto hakukumbuka picha ipi alimpa nani, aliitazama ile picha kwa masikitiko. Rangi ya nta haifutiki.

"Usilie, mwanangu. Bado mdogo. Kesho utakaa na mama, mwakani utashika picha na wenzako."

Mama alikuwa ameshalipiga pasi gauni jeupe la Kitufe la kuvaa kesho. Kitufe alimtazama kaka yake, lakini hakusema neno. Hilo ndilo lililomuumiza Chiriku. Kama Kitufe angemsemea, yeye angebisha na kujitetea mpaka jioni. Sasa aliona aibu tu, na mdomo wake uliozoea kusema ulikuwa mzito.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "kaburi ni langu. Punda ni wake. Nilimdanganya ili tubadilishane."

Mwalimu hakumgombeza. Alimrudishia Kitufe punda wake, ambaye miguu yake ilikuwa bado haijapakwa rangi, na Kitufe akaipaka bluu yote minne. Kisha mwalimu akachora kaburi upya. Wenzake walipokwenda kucheza, Chiriku alibaki akipaka mawe ya pango moja baada ya jingine, bila kulipua.

"Mwalimu, ndani nipake rangi gani?"

"Ndani pana nini?"

"Hapana kitu."

"Basi paache hivyo. Wale wanawake walipofika asubuhi walikuta hivyohivyo. Wangemkuta Yesu mle ndani, leo tusingekuwa na Pasaka. Picha uliyoidharau ndiyo yenye habari kubwa kuliko zote."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Ukipewa kazi, iulizie kwanza kabla ya kuikimbia," mwalimu aliendelea. "Na usimtwishe mdogo wako ulichokikimbia wewe, maana anakuamini. Kusema kweli mbele ya wenzako hakukuwa rahisi. Umefanya vizuri."

Asubuhi ya Pasaka walisimama mbele ya kanisa, Kitufe mwanzoni na punda wake wa miguu ya bluu, Chiriku mwishoni na kaburi. Mtoto mmoja mdogo aliyepakatwa na bibi yake benchi la mbele alilinyooshea kaburi kidole.

"Bibi, mbona hamna mtu?"

Kabla bibi hajafungua kinywa, Kitufe alijibu kwa sauti iliyofika hadi mlangoni.

"Ameshaamka! Na kandambili zake kavaa!"

Kanisa zima likacheka, na mwalimu akacheka kuliko wote. Chiriku aliinua picha yake juu zaidi ili kila mtu aone kwamba ndani hamna mtu.